Wazee wabishane kwanza, kitabu kifuate

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza mwalimu afundisheje kipindi cha mabadiliko makubwa ambacho waliokiishi bado wanabishana juu yake. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na jibu langu ni kwamba wanafunzi wausikie ubishi huo kabla hawajafungua kitabu.

Kipindi ninachokifundisha hivyo kinaanzia Februari 1967, Azimio la Arusha la ujamaa na kujitegemea lilipotangazwa, hadi Februari 1977, vyama vya TANU na ASP vilipoungana kuwa CCM. Kwa kuwa mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka ule ule wa 1967, nilimwalika darasani mzee aliyekuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba shambani. Alikunja mkono wa shati, akawaonyesha makovu ya miiba kuanzia kiwikoni hadi kiganjani, kisha akasimulia walivyokesha wakipiga ngoma shamba lilipoingia mikononi mwa serikali. Wiki iliyofuata alikuja mzee mwingine, aliyekuwa karani wa korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, akaeleza mashine zilivyosimama kwa kukosa vipuri na mishahara ikachelewa. Darasa likagawanyika, na kila kundi likataka niseme nani mkweli.

Sikusema. Niliwatuma watafute bei ya katani, yaani nyuzi za mkonge, ilianza kushuka lini, wakarudi na jibu kwamba iliporomoka tangu katikati ya miaka ya 1960, kabla ya Azimio, kamba za nailoni na plastiki zilipoenea duniani, ilhali nchi ilikuwa imevuna takriban tani 230,000 mwaka 1964. Karani hakusema uongo kuhusu vipuri, ila soko la dunia halikuonekana kutoka mlangoni pa korona. Kumpima shahidi kwa mahali aliposimama ni kazi ngumu kuliko kutamka kwamba kila mtu ana ukweli wake, kauli ambayo siiruhusu darasani kwangu.

Wakati mwingine pande mbili hukaa ndani ya mtu mmoja. Mwanafunzi wangu alimhoji bibi yake wa Handeni kuhusu Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, akaambiwa jinsi walivyopakiwa kwenye lori huku mihogo ikibaki shambani. Kisha bibi huyo huyo akatoa daftari lake la elimu ya watu wazima, lililoanza na alama ya dole gumba na kuishia na jina lake kamili, aliloliandika mwenyewe. Mwanafunzi aliniuliza aandike lipi. Nilimwambia aandike yote mawili, kwa mpangilio ule ule aliosimuliwa.

Sauti inayokosekana darasani, na inaniuma, ni ya familia za Kihindi zilizopoteza nyumba za kupangisha mwaka 1971, sheria ilipotwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wengi wao walihama. Muhula ujao nitawapeleka wanafunzi katikati ya mji, kwenye nyumba ambazo jina la familia na mwaka wa ujenzi bado vinasomeka juu ya mlango, ili tuanzie hapo.