Ami, pesa za waliosoma pamoja tunazipataje?

Swali: Salaam ami. Tunawauzia wavuvi barafu kwa simu, Likoni. Mwenzangu alisoma Marekani, anasema tuombe mtaji kwa wale waliosoma chuo chake. Tuanzie wapi?

Jibu: Mwanangu, mwenzio ndo mlango wenyewe, atafute mmoja aliyesoma naye awapeleke kwa wenzake, manake ukituma barua kavu hivi hivi wanaipita tu. Na vikundi vingi vya hao waliosoma pamoja havina mfuko mmoja, kila mtu anatoa chake akipenda, so hata kikao kikiwapigia makofi bado hamjapata kitu. Lile daftari la mauzo linalonuka samaki lichapeni vizuri, wataliuliza. Wakileta mkataba wa SAFE, ule wa 2013 wa Y Combinator, kampuni ya Marekani inayokuza biashara changa, pesa wanatoa sasa na hisa wanachukua baadaye, sasa angalieni kepu, yaani kikomo cha thamani ya kampuni wanachohesabia hisa zao, isiwe chini mkajikuta mmegawa kampuni yote.