Gwiji kupewa timu: angalia alichofanya tangu atundike daluga

Kocha akishatimuliwa tu, jina la nyota wa zamani wa klabu halikosi kutajwa, na swali huwa lilelile: je, anafaa? Kwangu mimi mabao yake na medali zake wala havihesabiki. Ninachotaka kujua ni alichofanya kati ya siku aliyotundika daluga na leo. Amefundisha nani, kwa misimu mingapi, na kila wiki au mara moja moja?

Wengi humtaja Zidane kuthibitisha kwamba jina linatosha. Kabla ya kupewa Real Madrid Januari 2016 alikuwa msaidizi wa Ancelotti, kocha wa Real wakati huo, msimu wa 2013/14, kisha akakaa mwaka mmoja na nusu na Castilla, timu B. Guardiola alianza na Barcelona B ikiwa daraja la nne, akaipandisha, ndipo akakabidhiwa wakubwa mwaka 2008. Xabi Alonso alikaa miaka mitatu na timu B ya Real Sociedad. Leverkusen ya Ujerumani walimchukua Oktoba 2022 wakiwa nafasi ya pili kutoka mkiani, na msimu wa 2023/24 wakabeba Bundesliga, ligi kuu ya huko, bila kufungwa hata mechi moja.

Sasa geuza upande wa pili. Pirlo, kiungo wa zamani wa Juventus, alitangazwa kocha wa timu ya pili ya klabu hiyo mwisho wa Julai 2020, na baada ya siku chache tu akapewa timu kubwa. Klabu iliyokuwa imetwaa ubingwa mara tisa mfululizo ikamaliza ya nne. Alipata Coppa Italia, tumpe haki yake, lakini kibarua kiliota nyasi baada ya msimu mmoja. Gary Neville alidumu Valencia kuanzia Desemba 2015 hadi Machi 2016, na katikati yake akala saba bila kwa Barcelona. Henry alikaa Monaco kuanzia Oktoba 2018 hadi Januari 2019. Hawa wawili walikuwa wasaidizi katika timu za taifa, Uingereza na Ubelgiji, na hapo ndipo watu hudanganyika. Timu ya taifa hukutana kwa siku chache kisha inatawanyika. Haikufundishi kuibeba wiki ya klabu. (Uchambuzi wa runinga ndio kabisa: pale kosa unaliona likiwa limeshatokea, tena kwa marudio.)

Wiki ndiyo kazi yenyewe. Chukua timu inayocheza Jumamosi hadi Jumamosi. Jumapili waliocheza wanarejesha miili, wasiocheza wanafanya kazi nzito ili wasibaki nyuma kwa pumzi. Jumatatu mapumziko. Jumanne ni uwanja mdogo, wanne kwa wanne au watano kwa watano: kugeuka, kusimama ghafla, kugombea mpira. Jumatano uwanja unapanuliwa, kumi kwa kumi, mbio ndefu. Alhamisi mzigo unashuka, mbinu za mpinzani zinapitiwa na mbio za kasi ni chache. Ijumaa ni mipira iliyokufa, na mazoezi hayafiki saa moja. Kocha mgeni mwenye jina kubwa akifungwa Jumamosi, kosa lake la kwanza ni hasira: anarudisha mbio nzito Alhamisi ili "kuwaamsha". Wiki ya tatu wachezaji wanaanza kushika nyama za nyuma ya paja, winga wake bora yuko nje mwezi mzima, na mpango wake wa kumkaba mpinzani juu, karibu na lango lake, hauna miguu ya kuukimbilia.

Kukiwa na mechi katikati ya wiki, siku ya mazoezi ya kweli inabaki moja, wakati mwingine hakuna. Kwa hiyo kiti kikiwa wazi Novemba au Februari, usimchukue mtu ambaye mpango wake wote unahitaji wiki sita za maandalizi ya msimu. Mtafute anayejua kupanga mabeki wanne na viungo mbele yao ndani ya siku kumi.

Jina humpa gwiji masikio ya wachezaji kwa wiki chache. Baada ya hapo wanapima mazoezi, na mchezaji mzoefu hahitaji muda mrefu kujua kama zoezi lina maana. Shida ya aliyekuwa na kipaji kikubwa ni kwamba mengi aliyafanya bila kujua anayafanya. Kiungo aliyekuwa akigeuza shingo mara mbili kabla ya kupokea atamwambia kijana "tulia na mpira", basi. Kocha atamwambia: angalia nyuma mpira ukiwa njiani, fungua mwili, pokea kwa mguu wa mbali. Mpeleke kwenye usaili na umwombe afundishe hilo uwanjani kwa dakika ishirini, vijana wa akademi wakiwepo. Siku mbili kabla mpe video za mechi tatu mlizofungwa karibuni, kisha mwulize bao lipi lilianzia wapi. Akijibu kwa "moyo" na "kujituma" tu, hajaziangalia.

Leseni iangaliwe mapema, kwa sababu ligi kubwa za Ulaya hudai UEFA Pro, leseni ya juu kabisa ya ukocha Ulaya. Southgate alianza Middlesbrough mwaka 2006 bila hiyo, ikabidi aombewe ruhusa maalumu.

Benchi la ufundi lina uzito kuliko leseni. Akitaka kuja na marafiki watatu aliocheza nao, wote wageni wa kazi, kataa. Awe na msaidizi mmoja aliyewahi kuwa kocha mkuu, anayeweza kumwambia dakika ya 60 kwamba kiungo mkabaji amekwisha. Kocha wa viungo na mchambuzi wa video wabaki waajiriwa wa klabu, ili siku akiondoka wasiondoke na takwimu za kikosi kizima.

Mtego mwingine ni ukocha wa muda. Solskjaer, mshambuliaji wa zamani wa Manchester United, alishinda mechi 14 kati ya 19 za mwanzo akiwa kocha wa muda wa klabu hiyo, akapewa mkataba wa miaka mitatu Machi 2019, kisha akashinda mbili tu kati ya kumi zilizobaki msimu ule. Mkimpa gwiji timu kwa muda, ahadi iwe hadi mechi ya mwisho ya msimu, na uamuzi ufanyike ligi ikiisha, hata akishinda sita mfululizo.

Kwa hiyo, kama ana misimu miwili kamili ya timu yake mwenyewe, hata ya vijana, mwite mezani. Fidia ya kuvunja mkataba iandikwe siku ya kwanza, maana kumfukuza mtu ambaye picha yake iko ukutani ni shughuli. Kama ana runinga na jina tu, mpe timu B kwa msimu mmoja, na mwangalie Jumanne na Jumatano kabla ya kuangalia matokeo ya Jumamosi.