Kabla hujasaini: ualimu wa shule za kimataifa na familia yako hapa Dodoma

Walimu wanaotaka kuhamia shule za mtaala wa kimataifa hapa Dodoma huanza na swali la mshahara, na sioni ubaya wowote. Mtu ana mwenza, ana kodi ya nyumba, ana mama Kondoa anayesubiri cha mwisho wa mwezi. Lakini mshahara ndio kipengele chepesi kuliko vyote kwenye mkataba, maana ukitajiwa namba umeshaelewa. Kipengele kitakachoamua utakuwa wapi miaka kumi ijayo ni kile cha ada ya mtoto wako. Wengi hukisoma wakiwa wameshasaini, na makapera hukiruka kabisa.

Tumalize kwanza hizo namba. Tuseme umeahidiwa shilingi 1,500,000 kwa mwezi, zote mshahara wa msingi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 150,000. Kodi inakatwa kwenye 1,350,000 zilizobaki: 270,000 za kwanza hazina kodi, kisha viwango vinapanda kutoka asilimia 8 hadi 30, na kodi yote inafika 233,000. Kama ulisoma chuo kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo na hujamaliza kurejesha, asilimia 15 ya mshahara inaondoka, nayo ni 225,000. Mkononi unabaki na 892,000, kabla ya bima na kabla hujachangia harusi ya mtu. Unapojadiliana, basi, uliza kama namba unayotajiwa ni ya kabla ya makato au baada yake. Wapo walioacha ajira ya serikali kwa kuchanganya hizo mbili, na kurudi serikalini si kazi ya siku moja.

Sasa mtoto. Shule nyingi za aina hii humpa mwalimu punguzo la ada, mara nyingine ada yote, kwa mtoto mmoja au wawili. Kwa madarasa ya juu, ukipiga hesabu, nafasi hiyo inaweza kuzidi hata mshahara unaoupokea mwaka mzima. Kwa hiyo ni sehemu ya malipo yako, tena kubwa, na inastahili kusomwa mstari kwa mstari. Punguzo linahusu ada peke yake, au na basi la shule, chakula, vitabu na ada za mitihani? Ada za mitihani ya Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, hulipwa kwa kila somo, na mtoto wa masomo manane au tisa si mzigo mdogo. Linaanza siku unayoajiriwa au baada ya kipindi cha majaribio? Mkataba usipohuishwa katikati ya masomo yake, anamaliza mwaka au anatoka na wewe? Halafu kuna swali ambalo mikataba iliyoandikwa kwa kunakili ya Ulaya hailifikirii: mtoto wa marehemu kaka yako, unayemlea tangu akiwa chekechea, anahesabiwa kuwa wako? Uliza, na jibu liwe kwa maandishi. Mkuu wa shule aliyekuahidi kwa mdomo naye ni mwajiriwa wa mkataba. Kesho atapata kazi Nairobi aondoke na ahadi yake.

Ukishapata nafasi hiyo, elewa kuwa inakufunga, na mwenye shule anajua hilo kuliko wewe. Kozi ya IGCSE, ngazi ya Cambridge inayokaribiana na kidato cha nne chetu, huchukua miaka miwili, kwa kawaida mwaka wa 10 na wa 11. Mtoto aliyeingia humo hawezi kuhamishiwa kidato cha tatu cha mtaala wetu bila kuumia. Mihtasari haifanani, hajafanya upimaji wa kidato cha pili, na kama shule yake haikutilia mkazo Kiswahili, atakaa mbele ya swali la ufahamu kama mgeni. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili nalo halijui. Hapo ndipo utakapomsikia mwalimu mwenzako akilalamikia kila kitu kazini, na kila mwaka anasaini tena.

Kuna vipindi viwili tu vya kumhamisha mtoto bila hasara kubwa. Cha kwanza ni mwisho wa elimu ya msingi: darasa la saba, na kwa mtaala mpya darasa la sita. Cha pili ni baada ya IGCSE, na hapo hapiti kwenye uchaguzi wa kidato cha tano kama wenzake. Unaanza na Necta, Baraza la Mitihani la Tanzania, kupata ulinganifu wa cheti, kisha unatafuta shule ya binafsi itakayompokea. Akiendelea na A Level au Diploma ya IB (International Baccalaureate), ambazo ni ngazi ya kidato cha tano na sita, jua kuwa shule nyingi za ngazi hiyo ziko Dar es Salaam, Arusha na Moshi. Dodoma yetu, pamoja na kuwa makao makuu ya nchi, kwa shule za kimataifa bado ni mji mdogo. Ipo Canon Andrea Mwaka ya Dayosisi ya Anglikana, ya siku nyingi, na nyingine chache, basi. Mtoto wa bweni Moshi hana punguzo la mwalimu wa Dodoma.

Msimamo wangu najua hauwafurahishi wengi. Kama nyumba inategemea mshahara mmoja na mkataba ni wa miaka miwili, mwache mtoto kwenye shule nzuri ya Kiingereza inayofanya mitihani ya Necta mpaka uhuishiwe mkataba mara moja. Utajua wakati huo kama shule inakutaka na kama wewe unaitaka. Na popote atakaposoma, Kiswahili cha kusoma na kuandika kisitoke nyumbani. Mpe gazeti, mpe hadithi, mwambie amwandikie bibi yake barua.

Jambo jingine kuhusu mtoto wa mwalimu: darasani atakaa na watoto wa wabunge, wahandisi, wamisionari na wafanyakazi wa mashirika. Atarudi nyumbani akiuliza kwa nini ninyi hamwendi Dubai Desemba. Jibu analo baba au mama, si shule. Na wewe, usiwe mzazi ndani ya ofisi ya walimu. Alama za mwanao zijadili kwa miadi, kama wazazi wengine.

Kalenda ndiyo inayozitesa ndoa za hapa, na sijaona mtu akionywa. Shule zetu za kimataifa huanza Agosti na kufunga mwishoni mwa Juni au mapema Julai. Shule za mtaala wa taifa huanza Januari. Mkiwa na mtoto huko na wewe uko huku, likizo zinazokutana ni wiki mbili tatu za Desemba na siku chache katikati ya mwaka. Kubwa zaidi ni msimu wa Aprili hadi Juni. Hicho ni kipindi cha Bunge la bajeti, na kama mwenzako yuko wizarani kwenye Mji wa Serikali, Mtumba, wapo wanaorudi nyumbani saa nne usiku kwa wiki nzima. Mei na Juni hizo hizo ndipo mitihani ya Cambridge inapofanyika, na wewe una masomo ya marudio jioni na usimamizi wa mitihani asubuhi. Wazazi wote wawili mnatoweka nyumbani miezi ile ile. Panga mapema: bibi aje akae, au dada wa kazi awe ni yule aliyezoeana na watoto tangu Januari, si mpya wa Aprili.

Kwa wale ambao mwenza yuko Dar es Salaam, treni ya umeme iliyoanza kufika hapa mwaka 2024 imebadilisha mambo. Safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula siku nzima sasa ni saa nne hivi, na mtu anaweza kuondoka Ijumaa jioni akarudi Jumapili. Ila faida hiyo inakufa kama shule ina michezo na klabu kila Jumamosi. Swali la Jumamosi liulizwe kwenye usaili, bila aibu.

Darasani kuna mawili tu nitakayoyasema kwa urefu. Fimbo ni la kwanza. Umetoka shule ambako kanuni za serikali zinaruhusu viboko kwa masharti, na huenda wewe mwenyewe ulilelewa navyo ukaona ni kawaida. Huku hakuna sharti wala kipimo, hakuna kabisa, pamoja na kumfinya, kumpigisha magoti na kumwita mjinga mbele ya wenzake. Utasaini sera ya ulinzi wa mtoto siku ya kwanza, na shule utakayoomba baadaye itamwandikia mwajiri wako wa sasa kuuliza hasa hilo. Kazi nzuri ya miaka sita inafutika kwa kofi moja. Jifunze mapema kumtuliza mtoto kwa kumpangia kazi, kwa kubadilisha kiti, kwa kuzungumza naye pembeni baada ya kipindi. Inachosha kuliko fimbo. Baada ya miezi kadhaa utaona kuwa watoto wanauliza maswali ambayo zamani hakuna aliyethubutu kukuuliza, mengine ya kukuweka pabaya. Sema “nitakujibu kesho”, na kesho ujibu.

La pili ni mwongozo wa usahihishaji. Mwalimu mgeni husoma kitabu cha kiada na kudhani ameujua mtaala. Chukua muhtasari wa somo, mitihani ya miaka iliyopita, miongozo yake ya kusahihisha, na ripoti za watahini wakuu zinazotolewa baada ya kila msimu. Ripoti hizo zinaeleza swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi. Mtoto wetu mara nyingi anajua jibu lakini anaeleza pale alipoambiwa alinganishe, anataja pale alipotakiwa kutoa sababu. Mwalimu mwenye uzoefu wa Necta akishaizoea ripoti ya mtahini huwa hatari kwelikweli, maana nidhamu ya azimio la kazi na andalio la somo anayo tangu zamani.

Kuhusu kupanda ngazi, wakubwa huwa hawasemi waziwazi kuwa kuna mkataba wa aliyeajiriwa hapa na mkataba wa aliyeletwa kutoka nje. Wa pili unaweza kuwa na nyumba, tiketi ya ndege ya kila mwaka na bima ya familia nzima. Mnafundisha korido moja. Inauma, na nisingekushauri ujifanye haiumi. Kinachosaidia ni kuwa na karatasi zinazotambulika nje ya mji huu. Kama una shahada ya sayansi bila ualimu, Chuo Kikuu Huria kina stashahada ya uzamili ya elimu. Kama una ualimu tayari, vipo vyuo vikuu vya Uingereza vinavyotoa PGCE ya kimataifa, cheti cha uzamili cha ualimu, kwa masafa. Soma vizuri, kwa sababu cheti hicho peke yake hakikupi leseni ya kufundisha shule za serikali za Uingereza, hata kama wakala atakuambia vingine. Shule ikijitolea kukulipia, tafuta kipengele cha kurudisha fedha ukiondoka. Na ukishakuwa na uzoefu wa kutosha, omba kuwa mtahini wa Cambridge au IB. Malipo yake si utajiri, lakini kwenye wasifu wako ni mstari unaosomwa kokote.

Kina mama wajue sheria kabla ya kusikiliza uvumi wa ofisini. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, siku 100 kwa mapacha, na mwajiri anatakiwa kujulishwa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya tarehe hiyo. Baba ana siku tatu, na msimu wa mitihani haumfutii haki hiyo. Ikiwa likizo ndefu ya shule itaangukia ndani ya siku 84, zungumza mapema zitahesabiwaje.

Nyumba nitasema kidogo. Kisasa, Ilazo na Area D mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo omba shule ikukopeshe na ikate kidogo kidogo. Angalia kama kuna tangi la maji kabla hujaangalia vigae. Kiwanja Iyumbu au Nala kinaweza kusubiri. Usikope benki kwa miaka saba ukiwa na mkataba wa miwili.

Siku ukitaka kuondoka, kumbuka msimu. Shule nyingi za kimataifa huajiri kati ya Novemba na Februari kwa ajili ya Agosti, na shule yako itakuuliza karibu Krismasi kama unabaki. Sheria inadai notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, lakini mikataba mingi ya walimu inadai muhula mzima. Maana yake mazungumzo na mwenzako yafanyike Oktoba, kabla mvua hazijaanza na kabla ada ya muhula wa pili haijalipwa. Anayesubiri matokeo ya IGCSE ya wanafunzi wake ya Agosti ndipo atume maombi hukuta nafasi za mwaka huo zimeshajazwa, na mtoto wake ameshaanza mwaka wa 10.