Kuomba Mungu au kusaidia watu? Wahindu wanasemaje

Swali: Kaka hivi kwa Wahindu kipi kina uzito, kushinda hekaluni unaimba jina la Mungu au kwenda kulisha maskini?

Jibu: Hapo hata wenyewe wanavutana. Ramakrishna, yule sadhu, yaani mtawa wa Kihindu, wa hekalu la Dakshineswar pale Kolkata, India, aliyefariki 1886, alikuwa na tajiri mmoja Sambhu Mallick anayetaka kujenga mahospitali, akamuuliza hivi Mungu akikutokea sasa hivi utamuomba hospitali? Basi unaweza kusema jamaa hajali watu, ila ni huyohuyo mwaka 1868 akiwa njiani kwenda kuhiji mji mtakatifu wa Kashi, kufika mji wa Deoghar akakuta watu wamekonda kwa njaa, akakaa nao chini akagoma, safari haiendelei mpaka tajiri mwingine aliyemgharamia safari awape chakula na nguo. Sasa huyo utamuweka upande gani?

Swali: Mbona masadhu wanakimbilia milimani, dunia hawaitaki?

Jibu: Wapo, sio wote. Vivekananda, mwanafunzi wa Ramakrishna, naye alitaka azame kwenye tafakuri asirudi tena, mwalimu akamsema, mi nilidhani utakuwa mti mkubwa watu wapumzike kivulini, kumbe unatafuta raha yako mwenyewe! 1897 Vivekananda akaanzisha Ramakrishna Mission, shirika la kuhudumia watu, na tauni ilipoingia Kolkata mwaka uliofuata alikuwa tayari kuuza hata kiwanja kipya cha monasteri, ile Belur, ili wagonjwa wahudumiwe.

Swali: Si ndo ile ya Gita, kitabu chao kitakatifu, ufanye kazi bila kungoja malipo?

Jibu: Ndo hiyo, fanya, matunda mwachie Mungu. Ila ugumu uko kichwani kwako, maana unaweza kutoa gunia la mchele huku moyoni unajiona bila wewe hawa wangekufa. Ndo maana Ramakrishna hata neno huruma lilimkera, akasema we nani wa kumhurumia mtu, mtumikie kama mungu Shiva mwenyewe. Yaani aliyebisha hodi mlangoni ndo Mungu, we umepata bahati ya kumpikia. Mi hapa ndo wananimaliza kabisa, na kwa msimamo huo lile swali la kwanza naona linakosa hata miguu ya kusimamia.

Swali: Na asiye na hela je?

Jibu: Kwenye Gita Krishna, ambaye ni Mungu kwao, anasema jani, ua, tunda, hata maji, ukimpa kwa mapenzi anapokea. Maji ndugu yangu.