Miradi ya jamii katika masomo ya uhandisi: maswali na majibu

Kuna tofauti gani kati ya mradi wa jamii wa darasani na kazi ya kujitolea?

Wanafunzi wakipaka rangi zahanati wametenda wema, ila hawajajifunza uhandisi. Mradi wa darasa lazima udai hesabu, vipimo au usanifu uliomo kwenye mtaala, na jamii ipate kitu inachokitumia. Kimoja kikikosekana, tafuteni mradi mwingine.

Muhula una wiki 15. Mradi wa maji hauishi kwa muda huo. Tufanyeje?

Msilazimishe uishe. Kundi la kwanza lipime na kuandika, la pili lisanifu na kujaribu, la tatu lijenge na kukabidhi. Programu ya EPICS, ambamo timu za wanafunzi hufanya miradi ya uhandisi kwa ajili ya jamii, iliyoanza Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1995, huruhusu mwanafunzi kubaki kwenye timu yake muhula baada ya muhula, hivyo wapya huwakuta wenyeji wa mradi.

Pasipowezekana, tengeni wiki 2 za mwisho kwa makabidhiano: vipimo vyote na tarehe zake, michoro, orodha ya vifaa, na mawazo yaliyokataliwa pamoja na sababu. Hayo ya mwisho ndiyo husahaulika, na kundi linalofuata hupoteza mwezi likifufua wazo lililokwisha kushindwa.

Ziara ya kwanza wanafunzi waulize nini?

Wasianze na "mnahitaji nini?" Watatajiwa kile ambacho wenyeji wanadhani wageni wanaweza kuleta. Waulize kazi inafanywaje leo, na nani, saa ngapi. Kifaa kilichotangulia kiliharibika wapi na nani alijaribu kukitengeneza. Pampu iliyokufa inafundisha kuliko kikao kizima. Na wazungumze na wanaochota maji, si viongozi peke yao, kwa saa ambayo haiwaondoi kazini.

Kisha wapime. Ndoo ya lita 20 na saa vinatosha: ikijaa kwa sekunde 80, bomba linatoa lita 0.25 kwa sekunde, yaani lita 15 kwa dakika. Viwango vya Sphere vya misaada ya dharura hukadiria watu 250 kwa bomba linalotoa lita 7.5 kwa dakika, ambapo ndoo hiyo hujaa kwa sekunde 160. Kwa hiyo bomba letu linaonekana zuri, mpaka uangalie tarehe ya kipimo. Chemchemi iliyopimwa msimu wa mvua inaweza kushuka sana kiangazi. Pimeni tena mwishoni mwa kiangazi, na usanifu ufuate kipimo kidogo.

Kosa jingine ni kukisia kimo kwa macho. Maji yaliyotulia hutoa shinikizo la takribani bar 1 kwa kila mita 10 za kimo, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya koki lina bar 0.3 tu, na msuguano ndani ya bomba refu na jembamba utaila sehemu kubwa mara maji yanapoanza kutembea. Hapo ndipo hesabu za darasani zinapopata kazi.

Alama tutoeje kama kifaa hakikukamilika?

Sahihisheni ushahidi wa kazi. Mgawo unaofaa: usanifu na hesabu 30, majaribio 25, nyaraka na makabidhiano 25, daftari la mwanafunzi mwenyewe 20. Kwenye daftari daini michoro miwili, kabla na baada ya kuzungumza na mtumiaji, na sababu ya mabadiliko. Bila hivyo mtasoma kurasa za "nimejifunza mengi".

Msiwaombe wanajamii watoe alama. Watu huwaonea vijana haya, na wote watapewa 90. Waulizeni kifaa kilitumika mara ngapi wiki iliyopita na kipi kiliwakera.

Kifaa kikiharibika baada ya wanafunzi kuhitimu, nani atawajibika?

Liandikwe kabla ya ujenzi, ukurasa mmoja: mmiliki ni nani, nani atakitengeneza, fedha za vipuri zitatoka wapi, chuo kinawajibika hadi lini. Kinachoweza kuumiza mtu, kama umeme, madaraja au matangi yaliyoinuliwa, kipitiwe na kutiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000 juu ya mnara. Hapo si mahali pa kujifunzia kuchomelea.

Usanifu nao ufikirie fundi wa pale. Pampu ya mkono ya Afridev ilibuniwa ili watumiaji waifungue wenyewe kwa zana chache. Kabla ya kukabidhi, waombeni wanajamii wawili wafungue kifaa chenu, wabadilishe kipuri kimoja, wakifunge. Wanafunzi wakae pembeni, mikono mfukoni, wakiandika. Pale watakapokwama pabadilishwe kwenye kifaa. Kuongeza aya kwenye mwongozo hakusaidii.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaweza kushiriki?

Ndiyo: kupima, kuchora, kujaribu vipande mezani. Chochote kinachobeba watu au kilichounganishwa na umeme wa gridi kiwe kazi ya mwaka wa 3 na kuendelea, chini ya msimamizi aliyepo hapo hapo.