Mazoezi baada ya upasuaji wa moyo: je, yanaifikia mishipa iliyopandikizwa?

SWALI: Nina umri wa miaka 61. Miezi 4 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa baipasi, yaani wa kuipitishia damu ya moyo njia mpya, nikawekewa mishipa mitatu, mmoja kutoka kifuani na miwili kutoka mguuni. Kliniki imeniruhusu kufanya mazoezi, nami hutembea kwa kasi kila siku. Najua kwamba mazoezi huimarisha misuli ya moyo, lakini je, yanaisaidia mishipa yenyewe, hasa hii mipya? Pili, natumia dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, na saa yangu ya mkononi haivuki mapigo 95 kwa dakika hata nikijitahidi vipi. Je, najichosha bure?

JIBU: Ndugu msomaji, tumezoea kuufananisha mshipa wa damu na bomba la maji, na mfano huo ndio unaotupotosha. Ndani ya kila mshipa mmetandazwa safu moja tu ya seli hai, iitwayo endotheli, ambayo ina sauti kubwa katika kuamua kama mshipa utatanuka au utajikaza, na kama damu itateleza au itaganda. Damu inapopita kwa kasi huusugua ukuta wa mshipa. Seli hizo huuhisi msuguano huo na kutoa gesi ya nitriki oksidi, ambayo huilegeza misuli ya ukutani. Wanasayansi watatu waliogundua kazi ya gesi hiyo mwilini, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kwa hiyo unapotembea kwa kasi, hauutumikishi moyo peke yake, bali unaupa pia ukuta wa mishipa yako yote kichocheo unachokihitaji.

Kuhusu mishipa mipya, sina budi kuitenganisha, kwa kuwa haifanani. Ule wa kifuani ni ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni. Kwa kawaida mpasuaji huuacha umeshikamana na chanzo chake huko juu, akauelekeza mwisho wake kwenye moyo. Ni mshipa uliozoea shinikizo kubwa la damu na ambao endotheli yake hutoa nitriki oksidi kwa wingi, ndiyo maana takriban mishipa 9 kati ya 10 ya aina hii huwa bado iko wazi baada ya miaka 10. Mwaka 2003 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa waliokuwa wakisubiri baipasi: baadhi walifanya mazoezi kwa wiki 4, wengine hawakufanya, kisha siku ya upasuaji kipande kidogo cha ateri hii kilichukuliwa na kupimwa. Kwa waliofanya mazoezi, kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksidi kilikuwa kingi zaidi na kimeamka zaidi, na mishipa yao ilitanuka vizuri zaidi. Mazoezi hayo yalifanyika kabla mshipa haujahamishwa, lakini sioni sababu ya seli zilezile kuacha kuhisi msuguano baada ya kupelekwa moyoni.

Miwili ya mguuni ni vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na hapa nitakuwa mwangalifu. Vena ina vali, yaani vilango vidogo, zinazoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo mpasuaji mara nyingi huigeuza, ncha ya chini ikawa juu, ndipo aishone. Mshipa uliozoea shinikizo dogo la mguuni hujikuta ghafla ukipigwa na shinikizo la ateri, nao hujibu kwa kunenepesha ukuta wake. Takriban nusu ya vena hizi huziba au huharibika vibaya ndani ya miaka 10. Siwezi kukuahidi kwamba kutembea peke yake kutazuia hali hiyo. Aspirini, dawa ya kushusha kolesteroli, shinikizo la damu lililodhibitiwa na kukaa mbali na sigara ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa. Hata hivyo, kumbuka kwamba upasuaji haukuondoa ugonjwa, uliupitishia damu njia ya pembeni tu, na mishipa yako ya asili bado inahitaji endotheli yenye afya.

Faida ya mazoezi kwa endotheli haiwekwi akiba: ukiacha kwa wiki kadhaa, hufifia. Ndiyo maana napendelea dakika 30 za wastani karibu kila siku kuliko saa mbili za kujikomoa mwishoni mwa wiki. Anza polepole kwa dakika 5 hadi 10, na umalize hivyohivyo, kwa sababu ukisimama ghafla damu hubaki miguuni na kizunguzungu hufuata. Unaponyanyua kitu kizito, usizuie pumzi. Ukihisi maumivu ya kifua, pumzi isiyo ya kawaida, au mfupa wa kidari ukitoa mlio kana kwamba umelegea, simama na uwasiliane na kliniki yako. Ikiwa maumivu hayatulii baada ya kupumzika, tafuta huduma ya dharura mara moja.

Sasa kuhusu saa yako: hujichoshi bure. Dawa unayotumia huwekea mapigo dari, kwa hiyo zile hesabu za kukadiria mapigo ya juu kabisa kwa kutoa umri wako kwenye 220 hazikufai, na tafadhali usipunguze dawa ili namba ipande. Tumia kipimo cha Borg, kinachoanzia 6, yaani hakuna juhudi yoyote, hadi 20, ambayo ni juhudi ya mwisho kabisa, nawe ulenge kati ya 11 na 13. Ukiwa hapo, unapumua kwa nguvu kidogo, unaweza kuzungumza sentensi nzima, lakini huwezi kuimba. Ukitaka lazima namba ya mapigo, omba kipimo cha mazoezi kwenye baiskeli au mashine ya kutembelea, ukifanye ukiwa umekunywa dawa zako kama kawaida, ili namba utakayopewa iwe ya moyo ulio nao sasa.