Chama cha mawakili Walatino wa Marekani kimefanikisha nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, nasoma sheria hapa Dar es Salaam. Nasikia mawakili wa Marekani wenye asili ya Kilatino wana chama chao. Kimefanya nini, na chama chetu cha wanafunzi kiige lipi? – Msomaji, Sinza

JIBU: Chama hicho, Hispanic National Bar Association, kilianza mwaka 1972. Kinajulikana zaidi kwa kupigania Walatino wateuliwe kuwa majaji. Kilidai kwa miaka mingi Mlatino aingie Mahakama ya Juu. Mwaka 2009 Rais Barack Obama alimteua Sonia Sotomayor, jaji Mlatino, na Seneti ikamthibitisha kwa kura 68 dhidi ya 31. Chama hakikuwa peke yake katika hilo, lakini sauti yake ilikuwa na uzito.

Angalia utaratibu: rais huteua, kamati ya Seneti humhoji mteule, kisha Seneti nzima hupiga kura. Anayesubiri jina litangazwe ndipo aanze kudai, amechelewa. Majina hupelekwa mapema.

Ninyi igeni mashindano yao ya kesi za kuigiza kwa wanafunzi. Chagueni rufaa moja yenye hoja mbili tu, timu ya watu wawili, hoja za maandishi kwanza, kisha dakika 15 kwa kila msemaji mbele ya mawakili wanaouliza maswali. Wengi huanguka hapo: wamekariri hotuba, swali la kwanza likiwakatiza wanapotea. Fanyeni mazoezi ya maswali, si ya hotuba.